Lita mbili nukta tatu

Leicester, Alhamisi, 25 Machi 2021

Redio imetangaza asubuhi hii: watafiti wa hapa hapa Leicester wamewafuatilia watu 1,077 waliolazwa kwa korona katika hospitali za Uingereza, wakaruhusiwa kurudi makwao. Miezi mitano baadaye, saba katika kila kumi bado hawajapona sawasawa. Miongoni mwa waliokuwa na kazi kabla ya kuugua, karibu wawili katika kumi hawafanyi kazi tena.

Habari ilinikuta nimekaa katikati ya ngazi, kapu la nguo magotini, maana hapo ndipo pumzi ziliponiishia. Sikuinuka hata walipofika kwenye habari za mvua.

Mwezi jana daktari wa mtaa aliniambia ni umri, na pengine wasiwasi kidogo. Na hao mia saba na ushei, wote wamezeeka siku moja?

Jumanne, 13 Aprili 2021

Ramadhani mosi. Sifungi mwaka huu. Nimewapikia mbaazi za nazi na mahamri, kijana wangu akininusia sufuria. Iliki siku hizi naijua kwa macho.

Jumatano, 9 Juni 2021

Barua imekuja. Ni utafiti ule ule wa redioni, unaitwa PHOSP-COVID, unaongozwa na Chuo Kikuu cha Leicester, na hospitali kadha wa kadha za Uingereza zimo. Serikali imeutilia pauni milioni 8.4. Wanatutafuta sisi tuliolazwa tukatoka wazima. Nitakwenda mara mbili: mara ya kwanza kabla miezi saba haijapita tangu kuruhusiwa, mara ya pili mwaka ukikaribia kutimia. Watapima mapafu, mwendo, nguvu ya kiganja na kumbukumbu, watatoa damu, watauliza maswali marefu kuhusu usingizi na huzuni.

Nimesoma waraka wote. Kijana anasema hakuna mtu asomaye karatasi kama hizi. Mimi nasoma. Nimelea wazee wa watu katika nyumba za wazee za mji huu miaka mingi, na ukaguzi ukija wanatazama daftari, hawamtazami mzee. Kisichoandikwa hakikutendeka.

Waraka unasema bila kuzunguka: huenda wewe binafsi usipate faida yoyote. Sentensi hiyo nimeipenda kuliko zote. Kila aliyewahi kubisha hodi hapa kuniuzia kitu alianza na faida.

Unasema pia kwamba naweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yangu hayatabadilika. Jina langu litabaki hospitali. Kwingine kote nitakuwa nambari. Nauli watarudisha.

Jumapili, 13 Juni 2021

Mama kapiga simu kutoka Kibokoni, Mombasa. Sikuwa nimemwambia. Dada yangu ndiye aliyepasua.

"Mwanangu, nasikia wazungu wataka damu yako."

"Kidogo tu, Mama."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vichupa kadhaa."

"Na wakishaipima, warudisha?"

"Hawarudishi, Mama. Wanaihifadhi kwenye barafu, wakipata kipimo kipya waipime tena."

Akanyamaza. Nikasikia adhana ya Kibokoni kupitia simu, halafu akasema, "Haya. Wewe ni mtu mzima." Kwa Mama hiyo si ruhusa.

Yeye kakua katika zama za mumiani. Mombasa ya utotoni mwake, gari la zimamoto likipita jioni watoto waliingizwa ndani, kwa kuwa ilisemwa watu wa zimamoto huwakamata wapita njia, wakawanyonya damu ikaenda kutengenezwa dawa ya wazungu. Sisi tulicheka hadithi hizo. Lakini hata huko Kilifi, ambako KEMRI na wenzao wa Wellcome wamekuwa wakifanya utafiti tangu 1989, maneno ya damu hayajawahi kwisha. Na kwa nini yaishe? Mtu anakuja na gari zuri, anachukua damu ya mtoto asiyeumwa, anaondoka, na jibu haliletwi.

Jioni dada kanitumia tena ile video ya Aprili mwaka jana, ya daktari na mtafiti wa Ufaransa kwenye kituo cha LCI wakijadiliana kama isingefaa kujaribu chanjo ya kifua kikuu dhidi ya korona huko Afrika, mahali pasipo na barakoa wala matibabu. Tedros wa Shirika la Afya Duniani aliwajia juu, na mmoja wao akaomba radhi. Chini ya video dada kaandika: "Wewe umekwenda mwenyewe mpaka kwao, dadangu."

Sijamjibu. Yale mazungumzo ya televisheni yalinichukiza mimi pia. Ila pale mtu alikuwa akipangiwa jambo hayupo. Mimi nimeandikiwa barua, na nimepewa muda wa kusema la.

Jumanne, 15 Juni 2021

Nilipaswa kumwambia Mama habari ya Januari, lakini kwa simu haielezeki bila kumtia hofu. Naiandika hapa.

Siku za mwanzo za ugonjwa nilikuwa nyumbani na kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni. Kilikuwa kikisoma 95, mara 94. Mimi nilikuwa siwezi kumaliza sentensi. Nikisema "naomba maji", "naomba" ilitoka, "maji" ikabidi iingoje pumzi nyingine. Kijana akapiga simu ya msaada. Aliyepokea aliuliza nambari, akaambiwa, akasema nambari ni nzuri, tuendelee kuangalia. Tukaendelea kuangalia usiku kucha. Asubuhi kijana hakupiga simu tena, alinitia kwenye gari.

Hospitali walinitoa damu kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, ule unaouma hasa, wakaipima yenyewe. Oksijeni ilikuwa chini kuliko kibano kilivyodai. Wakanivika barakoa ya kusukuma hewa, wakanipa deksamethasoni, dawa ya bei ndogo ambayo jaribio la RECOVERY la Oxford lilikuwa limethibitisha Juni 2020 kwamba inaokoa watu waliofikia hali kama yangu. Ilithibitishwa kwa kuwa maelfu ya wagonjwa, wakiwa vitandani pumzi zikiwapaa, walikubali kuingizwa kwenye jaribio bila kujua watapewa dawa hiyo au hawatapewa. Mimi niliikuta tayari. Tarehe 26 Januari, siku Uingereza ilipotimiza vifo laki moja, nilikuwa wodini nikitazama dari.

Baadaye nesi mmoja wa zamu ya usiku, Mnigeria, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba vibano vile havisomi sawa kwenye ngozi nyeusi. Nilidhani ni maneno ya wodini. Kumbe yalikuwa yamechapishwa Desemba tu, kwenye New England Journal of Medicine. Watafiti wa Michigan walilinganisha kibano na damu yenyewe kwa maelfu ya vipimo. Pale kibano kiliposema oksijeni inatosha, wagonjwa weusi walikuwa karibu mara tatu zaidi ya weupe kukutwa damu yao haina oksijeni ya kutosha.

Mwanga wa kibano unapita kwenye ngozi kabla ya kufika kwenye damu. Waliokirekebisha walikuwa na vidole vyeupe vingi na vyeusi vichache. Hawakuhitaji kutuchukia. Ilitosha kwamba hatukuwapo.

Nimejaza fomu, nitaipeleka posta kesho. Wala si ukarimu. Nataka kuwemo.

Jumatatu, 12 Julai 2021

Siku nzima. Naandika nimelala.

Ridhaa kwanza. Visanduku vingi, na kila kimoja unatia herufi za jina lako, hutii alama ya vema tu. Msichana wa utafiti alisoma kila mstari na akasubiri. Palipoandikwa kwamba sampuli zinaweza kutumiwa na watafiti wa nchi nyingine na hata kampuni, nilimuuliza: kampuni ikipata dawa kwa damu yangu, mimi napata nini? Akasema, "Hakuna." Hakutabasamu wala hakupamba. Nikatia herufi zangu. Angenipambia ningeondoka.

Damu: vichupa vingi kuliko nilivyomwambia Mama.

Kumbukumbu. Nichore saa, nichore sanduku la pembe, nitaje wanyama watatu wa kwenye picha. Simba, kifaru, ngamia! Nusura nicheke; mtoto wa Mombasa kaletwa Leicester kutambulishwa ngamia. Simba na ngamia nikawataja kwa Kiingereza. Wa katikati jina la Kiingereza likanikimbia kabisa, nikasema "kifaru". Msichana akainua kalamu, akafikiri, akaandika kitu pembeni. Kisha akataka maneno yanayoanza na F, mengi niwezavyo kwa dakika moja, kwa Kiingereza. Kichwani yakajipanga fagio, fimbo, fundi, futari, fulana, na hakuna hata moja lililotakiwa. Nilimwambia kwamba hapa anapima ugonjwa na lugha kwa pamoja, hatajua kipi kimenirudisha nyuma. Akasema ni kweli, na kwamba ataliandika hilo pia.

Halafu spirometa. Unabana pua, unavuta pumzi mpaka ndani kabisa, unapuliza kwa nguvu zote, na fundi anakuhimiza, "Endelea, endelea, endelea," mpaka uone nyota. Unapumzika, unarudia, kwa kuwa wanataka mapulizo yanayolingana. Mara zote nilikohoa.

Kabla ya kupuliza, fundi aliingiza kwenye kompyuta umri, urefu, jinsia, na asili. Niliona orodha kwenye skrini. Mzungu. Mmarekani mweusi. Mwasia wa kaskazini mashariki. Mwasia wa kusini mashariki. Mwingine. Kishale kikatua kwenye Mmarekani mweusi. Ndivyo milinganyo ya kimataifa ya 2012 ilivyogawa dunia, akanieleza, na hospitali nyingi hutumia hiyo hiyo. Basi mimi wa Kibokoni nimekuwa Mmarekani kwa kubofya mara moja, bila viza.

Nilipuliza lita 2.3. Kompyuta ikasema ni asilimia 85 ya kinachotarajiwa. Kawaida.

"Kinachotarajiwa kwa nani?" nikauliza.

Fundi ni kijana mwelewa. Akasema kwa mtu mweusi mashine hutarajia pungufu, kama asilimia kumi na tano hivi chini ya mzungu wa umri na urefu ule ule. Nikamwomba aniandikie lita na asilimia kwenye kipande cha karatasi. Kiko kwenye mfuko wa shajara hii.

Mwisho mwendo. Koni mbili sakafuni, mita tisa kati yake. Ukiizunguka koni umekwenda mita kumi. Kinasa sauti kinalia, nawe uwe umefika. Kila dakika milio inakaribiana zaidi, mpaka ngazi ya kumi na mbili, ambayo ni mbio. Kipimo hiki walikibuni Sally Singh na wenzake wa hapa hapa Leicester, kikachapishwa 1992, kwa ajili ya watu wa vifua vibovu. Ngazi ya kwanza ni mwendo wa bibi harusi. Nilijiona nimeweza. Ngazi ya tatu nikawa nafika pamoja na mlio. Ya nne ukalia mimi ningali njiani, miguu imekuwa si yangu, na msichana akasema imetosha. Mwaka juzi nilikuwa nikiwainua wazee wa kilo themanini kutoka kitandani.

Kwenye viti vya kungojea, mita mbili mbili, alikuwapo mzee wa Kihindi mwenye sweta la kufumwa, katikati ya Julai. Alinisikia nikizungumza na dada kwa simu.

"Wewe natoka wapi?"

"Mombasa, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba! Mimi mtu ya Jinja."

Kaja 1972, Amin alipowafukuza. Akanikumbusha jambo ambalo wazee wote wa mji huu hulijua: mwaka ule Halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia Wahindi wasije huku, mji umejaa. "Mimi soma ile tangazo vizuri sana," akasema. "Hapo ndiyo mimi najua Leicester iko wapi." Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nesi akaja. Alipotulia akaipunga barua yake ya utafiti, anwani ya mji ule ule juu, akasema, "Sasa ona. Nabembeleza mimi."

Jumatano, 14 Julai 2021

Jana sikuandika. Jana sikuamka. Mwendo wa juzi nimeulipa kwa kulala siku nzima, macho yanauma mwanga, mifupa kama si yangu. Fomu zao zinauliza nilichoka kiasi gani siku ya kipimo. Haziulizi kesho yake. Nimepiga simu kuwaambia, nikawaomba waandike.

Jumapili, 18 Julai 2021

Kesho England inafungua kila kitu, magazeti yanaiita siku ya uhuru. Mji huu haujasahau kwamba ndio uliokuwa wa kwanza Uingereza kufungiwa peke yake, Juni mwaka jana, wengine wakielekea baa.

Nimekuwa nikisoma habari za spirometa kitandani, kurasa chache kila nikipata nguvu. Kijana kaniletea kutoka maktaba ya chuo kitabu cha Lundy Braun, Breathing Race into the Machine, cha 2014. Chombo alikibuni daktari wa London, John Hutchinson, miaka ya 1840, akapima watu zaidi ya elfu mbili: mabaharia, polisi, wapigana mieleka, mabwana wa mjini. Kufumba na kufumbua kimevuka bahari. Huko kusini mwa Marekani daktari Samuel Cartwright, aliyekuwa upande wa mabwana wa watumwa, akaandika kwamba mapafu ya mtu mweusi yamepungua kwa moja ya tano kuliko ya mweupe, na kwa hiyo kazi ya shambani ndiyo dawa yake, inamchangamsha damu. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe wakapima wanajeshi, weupe na weusi, wakakuta tofauti, na hakuna aliyeuliza yule mweusi kala nini utotoni, kalala wapi, kavuta moshi gani. Tofauti ikachukuliwa kuwa ya maumbile. Ikaingia vitabuni, kutoka vitabuni ikaingia kwenye mashine, na wiki iliyopita imenikuta mimi na kibano puani.

Sisemi fundi wangu ni Cartwright. Yule kijana angeshangaa kusikia jina hilo. Na walioandika milinganyo ya 2012 walikusanya vipimo vya watu makumi ya maelfu, kwa nia njema, wakaweka walichokuta. Lakini orodha yao inasema wazi nani hakupuliza: hamna mstari wa mtu wa Afrika Mashariki. Wamenikopesha mapafu ya Mmarekani kwa kuwa ya kwangu hawana.

Nimesoma tena ile ripoti ya wagonjwa 1,077. Asilimia 69 ni weupe. Wanawake ni asilimia 36.

Jumanne, 20 Julai 2021

Idi ya kuchinja. Nimeswali nimekaa. Mama kanipigia, hakuuliza damu. Kauliza kama nimekula.

Alhamisi, 7 Oktoba 2021

Jana Shirika la Afya Duniani limetoa maelezo rasmi ya ugonjwa wetu: dalili zinazokuwapo kwa kawaida miezi mitatu tangu korona ianze, zinazodumu angalau miezi miwili, zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Uchovu, kukosa pumzi, akili kuwa nzito. Nimeyachapa, nimempelekea daktari wa mtaa. Kasema, "Ah, ndiyo, hii." Kana kwamba tumeizungumza muda wote.

Nimerudi kazini, saa chache, kazi ya mezani. Naandika madaftari.

Jumatatu, 14 Februari 2022

Kipimo cha pili. Mambo ni yale yale. Safari hii swali la kesho yake lilikuwamo, msichana kalisoma akinitazama. Sijui kama ni simu yangu au wamelalamika wengi, bora wengi.

Spirometa: lita 2.3, ile ile. Kawaida, ikasema tena. Mwendo nimepita ngazi ya nne. Kifaru nilikuwa nimekipanga njiani, ndani ya basi, kwa Kiingereza, na nikakitoa bila kusita, kwa hiyo alama zangu za kumbukumbu zimepanda. Nikamwambia msichana kwamba sikupona, nimejifunza mtihani. Kacheka, kaandika.

Mzee wa Jinja sikumwona. Nilimuulizia, wakasema hawaruhusiwi kusema habari za mshiriki mwingine. Ni sawa. Ndiyo siri niliyoahidiwa na mimi.

Jumapili, 24 Aprili 2022

Ramadhani inaelekea ukingoni. Nimefunga baadhi ya siku, zile ambazo mwili umekubali.

Matokeo ya mwaka mmoja yametoka jana kwenye jarida la The Lancet Respiratory Medicine. Watu 2,320 kutoka hospitali 39. Waliojiona wamepona kabisa miezi mitano baada ya kutoka hospitali walikuwa asilimia 26. Baada ya mwaka, asilimia 29. Mwaka mzima wa "vuta subira, utapona" umezaa asilimia tatu. Wanawake wana uwezekano mdogo wa kupona kuliko wanaume, na vivyo hivyo wenye unene uliozidi na waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia. Tiba hawajaitaja, maana hawana. Wanasema watu wapewe matunzo yanayolingana na hali zao.

Nilifikiri nitaumia kusoma. Sikuumia. Nilitafuta kwenye majedwali mstari wa wanawake, nikaweka kidole. Humo ndimo nilimo.

Usiku nimemsomea Mama kwa simu, nikimtafsiria. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi na wengine wako hivyo hivyo."

"Wengi, Mama."

"Na wale madaktari waliokuambia wasiwasi?"

"Hawajaniita."

"Watakuita," akasema, kwa sauti ile aliyokuwa akiwatishia walimu wetu. Kisha akataka kujua ile damu iko wapi sasa. Nikamwambia iko kwenye jokofu la digrii themanini chini ya sifuri. Akauliza umeme ukikatika.

Jumamosi, 6 Mei 2023

Jana Tedros katangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Leo mfalme Charles anatawazwa, mtaa mzima una bendera, mvua inazinyeshea. Kijana yuko nyumbani. Nilimwondoa kwenye televisheni kabla taji halijakaa sawa kichwani.

Nilikuwa nimesoma kwamba chama cha madaktari wa kifua cha Marekani, American Thoracic Society, kimetoa tamko mwaka huu: spirometa zisitafsiriwe tena kwa rangi ya mtu. Upo mlinganyo mpya, mmoja kwa watu wote. Na kikokotoo kiko wazi kwenye intaneti, yeyote anaweza kukitumia.

Nikatoa kile kipande cha karatasi cha Julai 2021. Kijana akaingiza jinsia, urefu, umri wangu wa siku ile, na lita 2.3. Akachagua mlinganyo mpya.

Asilimia 79.

Akaingiza tena, akidhani kakosea. Sabini na tisa. Chini ya themanini, mpaka ambao madaktari wengi wameuzoea. Kwa hiyo mwaka ule ule, pumzi ile ile, nilikuwa mzima kwa karatasi moja na mgonjwa kwa nyingine. Kijana kapandwa na hasira za vijana, anataka tuandike malalamiko, tumwandikie mbunge. Nikamwambia aniletee chai kwanza. Daktari mwenye hekima hatibu asilimia, na mimi najua kwamba mlinganyo mpya nao ni wastani wa watu waliopimwa, na kutoka pwani yetu sidhani walipimwa wengi. Lakini huduma, dawa, malipo ya ulemavu, barua ya kumpa mwajiri, vyote hupitia kwenye mlango wa asilimia. Sita zile zingenifungulia mlango mapema.

"Tuwatumie na wale watafiti?" akauliza.

"Wao wana lita," nikamwambia. "Asilimia watakokotoa wenyewe, na kila mlinganyo ukibadilika watakokotoa upya. Lita hazibadiliki."

Tumemwandikia daktari wa mtaa tu. Mistari mitano: lita, tarehe, asilimia ya zamani, asilimia mpya, na ombi la kupelekwa kwa bingwa wa mapafu. Kijana alitaka kuongeza neno "aibu", nikalifuta. Jumatatu ni mapumziko ya mfalme, barua itaondoka Jumanne.